Siku Walipofungua Nyumba ya Uzazi Lubunga

Tulimzika Mama Mwamini Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Matangani, chini ya turubai, mtu mmoja wa serikali alisimama akashika maikrofoni. Alisema marehemu alikuwa mkunga wa zamani mwenye busara, kwamba nyumba ya uzazi ilipofunguliwa Lubunga aliwaachia wataalamu kazi kwa moyo mweupe, na kwamba tangu siku hiyo hakuna mama wa upande wetu aliyeteseka tena kwa uchungu. Watu wakaitikia amina. Mimi niliinuka na kikombe cha kahawa mkononi, nikatoka bila kuaga mtu, nikatembea mpaka majini. Kama ningebaki ningemnyang'anya ile maikrofoni.

Wenzangu wa rika langu walinitazama nikitoka. Baadhi yao walikuwa pamoja nami siku ile, tumepangwa mstari mmoja, tumevaa sare moja, tumefundishwa wimbo mmoja. Nawaandikia wao. Najua mnachokumbuka ninyi ni peremende na ngoma. Kaeni nami kidogo niwaambie nakumbuka nini mimi.

Kwetu kulikuwa upande wa kushoto wa mto, nyuma ya njia ya reli. Papa alikuwa mfanyakazi wa reli, na treni ilikuwa inapita ikitaka. Mama alilima muhogo na kuuza sombe, yale majani ya muhogo, sokoni. Mji wenyewe, wenye hospitali kubwa na madaktari, ulikuwa ng'ambo. Tuliuona kila siku, mabati yake yaking'aa juani, kama chakula kwenye sahani ya mtu mwingine.

Aliyejua kuzalisha mtaani kwetu alikuwa Mama Mwamini, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alitoka katika zile familia za Kiislamu zilizopo Kisangani tangu enzi za babu wa babu. Alijifunika mtandio hata akiwa jikoni, mikono yake ilinukia karafuu na sabuni ya kipande, na sisi watoto tulimwogopa kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali. Ndiye aliyenipokea mimi. Simfanyi mtakatifu. Kuna wanawake waliomfia mikononi, naye hakulificha jambo hilo. Alikuwa akisema kuna mimba ya mikono yake na kuna mimba ya kisu cha monganga, yaani daktari, na kwamba kazi yake ya kwanza ni kujua hii ni ipi.

Siku moja shefu wa mtaa alikuja kwake na watu wawili wenye kofia. Nilikuwa uani nikicheza na wajukuu zake. Alimwambia kuanzia sasa kuzalisha nyumbani ni marufuku. Mama atakayezalia nyumbani ataadhibiwa, na aliyemzalisha vilevile. Nyumba ya uzazi ya kisasa ilikuwa inajengwa karibu na shule yetu, na serikali haikutaka tena mambo ya kienyeji. Mama Mwamini aliuliza swali moja tu: mpaka ile nyumba imalizike, wamama wazalie wapi? Shefu akajibu kwamba hospitali iko ng'ambo. Mama Mwamini akatazama upande wa mto. Kisha akachukua mkebe wa maziwa aliokuwa akiwekea nyuzi na nyembe mpya, akaupandisha darini.

Naomba nieleweke. Sikatai hospitali. Mimi mwenyewe nimezalia hospitalini, na mwanangu wa pili asingekuwa hai bila kisu. Ninayemchukia ni mtu anayekunyang'anya mkeka kabla hajakuletea kitanda.

Kuta za nyumba ile zilipanda, na tumbo la mama likapanda nazo. Walipopiga plasta, alianza kushika kiuno kila akiinama. Walipopaka rangi, nyeupe juu na buluu chini, alikuwa hawezi tena kubeba beseni la sombe kichwani. Mwalimu wetu, Madame Julienne, alitupeleka kuitazama, akatuambia nyumba hii iko ya mama mwenye atazala. Alimaanisha mama yeyote. Mimi nikawapitia akilini wamama wa njia yetu, nikaona mwenye tumbo ni mmoja tu, na ni wangu. Basi nyumba ilikuwa yake. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani wakubwa wa ng'ambo wamesikia kwamba mama yangu atazaa, wakaona aibu alale chini. Tulipofundishwa wimbo wa kupokea wageni, niliimba kama mwenye sherehe. Nyumbani nilimweleza mama kwamba kitanda chake ni cha chuma na godoro lake bado lina nailoni. Alicheka, akasema basi atalala kama madame. Alisema kwa mzaha, mimi nikaichukua kuwa ahadi.

Siku ya ufunguzi tulipangwa kando ya mto tangu asubuhi, kila mmoja na ua mkononi. Wageni walikuwa wanakuja kwa boti kutoka ng'ambo, na kwa ajili yao mitumbwi yote ilikuwa imezuiwa. Polisi waliivuta juu ya mchanga, wapiga kasia wakakaa kivulini wakinung'unika. Aliyesimamia yote alikuwa mtu wa protokoli, mwenye suti ya kijivu na miwani myeusi. Alipita mbele yetu akitunyoosha mabega na kutuambia tutabasamu.

Asubuhi ile mama alikuwa ameniambia niende tu, tumbo linamsokota kidogo lakini bado. Kilichofuata nilisimuliwa na Papa nilipokuwa mkubwa. Mama Mwamini aliitwa, akalipapasa tumbo, na hakutaka hata kuketi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, kichwa juu, miguu chini. Alimwambia Papa hii ni mimba ya kisu, avushwe sasa hivi. Papa akamwita tonton Fidèle, mdogo wake, aliyekuwa na toleka, baiskeli ya kubebea abiria. Wakamkalisha mama nyuma, mmoja akasukuma, mwingine akamshikilia mgongo, wakashuka naye mpaka mtoni.

Mimi niliwaona wakitokea kwenye kona ya soko. Moyo wangu ulijaa. Niliwaza: wamemleta awasalimie wageni wake. Niliinua ua langu nikampungia. Mama hakunipungia. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mgongo wa tonton Fidèle na kanga yake ilikuwa imelowa. Nikadhani ni haya ya kuwa mbele ya watu wengi.

Papa alimfuata mtu wa protokoli, na kwa kuwa walisimama karibu na mstari wetu, niliyasikia maneno yao.

"Patron, muke yangu iko nasikia uchungu," Papa alisema. "Mutoto amekaa mubaya. Utuachilie mutumbwi moja tu."

"Bageni bako katikati ya mayi. Hakuna mutumbwi inatoka."

"Atakufa, patron."

Yule mtu alitazama saa yake. "Bon, leo si tunafungua maternité? Mumupeleke kule."

Hakuwa amekasirika. Aliongea kama anayemwelekeza mgeni njia. Na mimi nilitabasamu, kwa sababu hatimaye mtu mzima alikuwa amesema jambo nililokuwa nalijua siku zote.

Walimpeleka. Mlango ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli kulikuwa na utepe mwekundu. Mlinzi alisema utepe unakatwa na mgeni wa heshima peke yake, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu wa protokoli. Papa akarudi mbio hadi mtoni, lakini boti ilikuwa imeshafika, ngoma zinapigwa, na polisi hawakumruhusu kusogea. Ikabidi wamlaze mama nyuma ya jengo, juu ya majani, chini ya dirisha la chumba cha kuzalia. Mama Mwamini akafika nyuma yao, mtandio umemteleza mabegani, marufuku au si marufuku.

Sisi tuliimba. Hotuba zilikuwa ndefu, jua likatupiga utosini, mtoto mmoja akaanguka akabebwa. Walizungumza juu ya uhai wa mama na mtoto. Walishukuriana wao kwa wao. Kisha maandamano yakaelekea kwenye jengo, na tulipopita pembeni nikamwona mama kule nyuma amelala kwenye majani, nikajua anangojea kitanda chake. Utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, na sisi wa mstari wa mbele tukaingizwa ndani na maua yetu.

Chumba kilinuka rangi mbichi. Vitanda vilikuwa pale, na magodoro yenye nailoni, kama nilivyomwambia mama. Lakini juu ya kitanda cha kwanza alikaa mwanamke nisiyemjua, amesuka vizuri, amepakata mtoto aliyefunikwa shali nyeupe mpya. Mtoto mwenyewe alikuwa mkubwa, shingo imeshakaza, si mchanga. Wapiga picha wakajipanga, mgeni wa heshima akainama karibu na shali, akatabasamu.

Nilitoka kwenye mstari, nikasema kwa sauti:

"Hiki kitanda ni ya mama yangu."

Watu walicheka. Mgeni wa heshima alicheka pia, akanishika kichwa, akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamjibu yuko huku nyuma, kwa majani. Akadhani ni maneno ya kitoto, akageukia wapiga picha. Mtu wa protokoli akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa vidole vinavyouma, akaanza kunirudisha mstarini.

Nyuma ya wageni alisimama msichana mwenye koti jeupe. Aliitwa Odette, mkunga wa hospitali kubwa ya ng'ambo. Alikuwa ameamriwa aje asimame pale, na yeye aliamini ameletwa kuanza kazi. Ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Aliinama akaniuliza taratibu: "Iko nafanya nini kwa majani?"

"Iko nangojea kitanda," nilimwambia.

Odette akaenda dirishani, akachungulia chini. Kisha akavua viatu, akaviacha sakafuni, akapandisha koti lake na kutoka kwa dirisha, kwa sababu mlango ulikuwa umejaa watu.

Nilijipenyeza mpaka pale dirishani. Niliona kisogo cha Mama Mwamini, na magoti ya mama, na Odette akipiga magoti kwenye majani bila kuuliza jina la mtu. Alisema mama aingizwe ndani upesi. Papa na tonton Fidèle walimwinua, wakafika naye mlangoni, na pale mtu wa protokoli akawazuia kwa kiganja. "Muache kwanza bageni batoke," alisema. "Na hii godoro ingali mupya." Nimekuwa mtu mzima sasa, nimesikia matusi ya kila aina, na sijasikia lililozidi hilo. Wakamrudisha kwenye majani, maana mtoto hakuwa anangoja wageni.

Miguu ilikuja kwanza, halafu mwili, na kichwa kikakwama. Wanawake wale wawili, ambao hawakuwa wamewahi kuonana, walifanya kazi kama watu waliolelewa nyumba moja, mmoja akiinua, mwingine akisukuma kutoka juu. Kichwa kilipotoka, kilikuwa kimechelewa. Alikuwa mvulana, na hakulia. Odette akaruka akaingia tena kwa dirisha, miguu ina damu, akaanza kufungua makabati moja baada ya jingine mbele ya wageni, akitafuta kile kimfuko cha kumpulizia mtoto pumzi. Makabati yalikuwa yamepakwa rangi hata ndani. Hayakuwa na kitu. Nilikuwa nimesimama karibu, niliyaona kwa macho yangu. Alirudi mikono mitupu, akampulizia kwa kinywa chake mwenyewe, akampulizia sana, huku upande wa mbele ngoma zimeanza tena na wenzangu wanagawiwa peremende.

Mama alikuwa anatoka damu. Wageni walipoanza kurudi kwenye boti, mtu mmoja akaja kumwita Odette, akamwambia nafasi yake iko tayari. Papa akaomba nafasi hiyo apewe mama. Yule mtu akasema hiyo ni boti ya wageni rasmi, akamtazama Odette akingoja. Odette hakuinua hata kichwa. "Muende," alisema. Wakaenda, na viti vingine vilikuwa vitupu. Ndipo mitumbwi ikaachiliwa. Walimvusha mama kwa mtumbwi wa muuza samaki, Odette ameweka ngumi tumboni mwake njia nzima, Papa anachota maji yaliyoingia. Mama alipona. Huko ng'ambo walimwongezea damu, akabaki huko mpaka akaweza kusimama.

Mimi nilibaki kwa Mama Mwamini na peremende yangu. Hakuna aliyenieleza kitu. Nilikuwa nimemwona yule mwanamke aliyesuka vizuri akipanda boti na mtoto wa shali nyeupe, na akilini mwangu hesabu ikakamilika: wamemchukua mtoto wetu. Wamekalia kitanda cha mama, wamempakata mtoto wa mama, wameondoka naye. Mama aliporudi, amekonda, mikono mitupu, nilimkimbilia nikamwambia asilie, nimewaona, najua walikompeleka, twende ng'ambo tukamchukue.

Alinikalisha kitandani pake. Nilitegemea atanikumbatia, lakini alinishika mabega akanitazama usoni.

"Ule hakuwa wetu, Sifa. Wetu alikufa. Papa yako alirudi usiku, yeye na Mama Mwamini balimuzika. Hakuna mutu alimubeba."

Hakulainisha neno hata moja, na namshukuru kwa hilo. Katekista alipokuja kutufariji, akasema tukubali mapenzi ya Mungu, Papa aliinamisha kichwa. Mama alimwacha amalize. Kisha akamjibu kwa upole kabisa: "Mungu hakukuwa na ufunguo ya ile mulango."

Kufuli lilikuwa limerudishwa jioni ileile ya sherehe. Shefu wa mtaa alisema wanangojewa wafanyakazi. Tulingoja. Mvua ikaja, muhogo ukakomaa, mbuzi wakazoea kulala barazani kwa nyumba ya uzazi. Wamama waliendelea kuvuka wakiwa na uchungu, na mmoja alizalia katikati ya mto, watu wakacheka wakamwita mtoto Mayi, yaani Maji. Nami nilipita pale kila siku kwenda shule.

Mpaka asubuhi moja mama alichukua shoka la kuni. Hakumwambia Papa. Alimgongea Mama Mwamini, naye akateremsha mkebe wake kutoka darini. Wakapita sokoni, na wanawake wa sombe na wa samaki wakaacha meza zao wakawafuata. Mama alipiga lile kufuli hadi likakatika. Waliingia, wakafukuza mbuzi, wakasugua sakafu, wakachana nailoni kwenye magodoro. Shefu akaja anahema, akauliza nani ametoa ruhusa. Mama akamwambia ampeleke mbele ya wakubwa, atafurahi wakimuuliza sababu. Shefu aliwatazama wanawake waliojaa barazani. Akaondoka, na kuhusu marufuku hakuzungumza tena.

Habari zilimfikia Odette ng'ambo. Siku zake za mapumziko akawa anavuka kwa mtumbwi, na mfuko wa glavu na dawa alizoziomba hapa na pale. Yeye na Mama Mwamini waligombana sana. Waligombania majani ya kuchemsha, waligombania kama mama alale au achuchumae, na kila mmoja alibadilika kidogo bila kukiri. Halafu Odette akahamishiwa Yahuma, mbali kabisa, kule pikipiki zinakobebwa na watu kuvuka matope. Walisema ni uhamisho wa kawaida. Mtu wa protokoli yeye alipanda cheo. Nyumba ile ikaja kupata mkunga wa serikali, ikampoteza, ikapata mwingine, na kati ya mmoja na mwingine aliyeitwa alikuwa Mama Mwamini. Kwa hiyo mtu akisimama na maikrofoni kusema kwamba aliacha kazi kwa moyo mweupe, anadanganya juu ya kaburi lisilokauka.

Kuna siku moja nimewabakizia, ya kwanza mtoto kuzaliwa mle ndani, baada ya kufuli kukatwa. Mzazi alikuwa binti wa wavuvi, mdogo bado, amefuatana na mama mkwe. Mama yangu aliingia kusaidia, mimi nikakaa ngazini. Nilisikia Mama Mwamini akimkaripia yule binti asibane meno. Kisha nikasikia mtoto analia, kilio kikali, cha mwenye pumzi nyingi, na wanawake wakapiga vigelegele.

Niliokota mawe nikaanza kuipiga ile nyumba. Niliipiga ukutani, chini ya dirisha, kila jiwe kwa nguvu zangu zote, mpaka rangi ya buluu ikaanza kubanduka. Mama akatoka, mikono imelowa. Nilijua nitachapwa.

"Unakasirikia nani?" aliniuliza.

Nikamwambia namkasirikia huyu mtoto. Kwa nini yeye analia na wetu hakulia?

Mama akaketi kwenye ngazi kando yangu. Alipumua kama mtu aliyetoka shambani. Pembeni mwa mlango kulikuwa na bamba la marumaru lenye jina la mgeni wa heshima, herufi zake zimejazwa rangi ya dhahabu. Mama aliokota jiwe moja kati ya yale niliyoyakusanya, akaliweka kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Huyu mutoto hakukukosea kitu," alisema. Akaelekeza kidevu kwenye lile bamba. "Kama iko ya kutupa, tupa pale. Kisha ulete mayi. Yule binti anataka kuoga."

Nililenga vizuri, nikatupa. Halafu nikachukua ndoo, nikateremka mtoni.